Unene wa Kupindukia: Bima Yako ya Afya Inalipia Nini, na Pa Kuanzia ni Wapi



Hapa kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri. Bibi arusi akiwa mwembamba, jamaa huuliza kama anakula. Kwa hivyo wengi wetu hatuuhesabu unene kuwa ni maradhi mpaka siku ambayo magoti yanakataa kupanda ngazi, presha inapanda, au sukari inapimwa ikaonekana iko juu. Siku hiyo swali la kwanza huwa ni lile lile: "Je, bima italipa?"

Makala haya yanajibu swali hilo kwa mkaazi wa kisiwani, kuanzia Mji wa Kale, Makadara na Majengo hadi Tudor, Tononoka, Ganjoni na Shimanzi. Yanaeleza unene wa kupindukia ni nini, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) inavyolipia matibabu, bima za kazini na za binafsi zinavyotofautiana, na ufanye nini ombi lako likikataliwa. Wakaazi wa Likoni, Nyali, Kisauni, Changamwe na Jomvu watafuata utaratibu huo huo katika vituo vilivyo karibu nao.

UNENE WA KUPINDUKIA NI NINI?

Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene wa kupindukia kuwa ugonjwa sugu, yaani ugonjwa wa muda mrefu unaohitaji kufuatiliwa kama kisukari au presha. Hautokani na ulafi peke yake. Hutokana na chakula tunachokula, kazi tunazofanya, usingizi, msongo wa mawazo, baadhi ya dawa, homoni, na maumbile tunayorithi kwa wazazi.

Wauguzi hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu. Unachukua uzito wako kwa kilo, unaugawanya kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Matokeo husomwa hivi:

• 18.5 hadi 24.9: uzito wa kawaida
• 25 hadi 29.9: uzito uliozidi
• 30 na zaidi: unene wa kupindukia
• 35 na zaidi: unene mkubwa, hatari zaidi ukiandamana na magonjwa mengine
• 40 na zaidi: unene wa kiwango cha juu kabisa

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 46 anakaa Kibokoni na huuza mahamri na mbaazi kila asubuhi. Ana urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 110. Mara 1.60 kwa 1.60 tunapata 2.56. Kilo 110 ukigawanya kwa 2.56 unapata takriban 43. Mama huyu yuko katika kundi la juu kabisa. Tutamfuata katika makala haya yote, kwa sababu njia yake ndiyo njia ya wengi.

Kipimo hiki kina upungufu wake. Hakitofautishi mafuta na misuli, na hakionyeshi mafuta yamekaa wapi. Mafuta ya tumboni ndiyo yanayodhuru zaidi. Ndiyo maana muuguzi mzuri atapima pia mzunguko wa kiuno, presha na sukari.

KWA NINI TUSINGOJE?

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba asilimia 27 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5, na kwa wanaume asilimia 17.5. Si jambo la watu wachache, wala si la matajiri peke yao.

Unene wa kupindukia huandamana na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu, maradhi ya moyo, kiharusi, mafuta kwenye ini, kuumwa na magoti, matatizo ya kupata ujauzito, na aina kadhaa za saratani. Wengine hukatikiwa na pumzi usingizini. Hukoroma kwa nguvu, hushtuka usiku, na mchana husinzia kazini au kwenye usukani. Mwenye kuendesha tuktuk au matatu akiwa na hali hii anajihatarisha yeye na abiria wake.

Katika Mji wa Kale kuna shida nyingine ambayo haitajwi mara nyingi. Nyumba zetu nyingi ni za ghorofa, na ngazi zake ni nyembamba na zimesimama. Vichochoro vingi haviingiwi na ambulansi. Mtu mwenye uzito mkubwa akizidiwa usiku akiwa ghorofa ya pili, kumteremsha mpaka barabarani ni kazi ya watu wengi na muda mrefu. Wapo wagonjwa ambao wameacha kabisa kutoka nyumbani kwa sababu ya ngazi hizo, na asiyetoka hapimwi. Bima yoyote haimfai mtu ambaye hajafika kituoni. Tutalirudia jambo hili.

Habari njema ni kwamba si lazima mtu awe mwembamba ili apate nafuu. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito hushusha presha na sukari kwa kiasi kinachoonekana. Kwa mama wa mfano wetu, hiyo ni kati ya kilo 5.5 na kilo 11.

SHA INAVYOFANYA KAZI

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilianza kazi na kuchukua nafasi ya NHIF. Kadi ya zamani ya NHIF haikutoshi. Kila mtu alitakiwa kusajiliwa upya. Chini ya SHA kuna hazina tatu, na ukizielewa utajua ni ipi inayokuhusu kila hatua.

Hazina ya Afya ya Msingi. Hii hulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Aliyesajiliwa na SHA hapaswi kutozwa pesa hapo, hata kama hajaanza kulipa michango. Serikali ndiyo inayoigharamia.

Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii. Hii ndiyo inayotegemea michango yetu. Hulipia huduma za hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6: kulazwa, upasuaji, vipimo vikubwa vya picha, kusafisha damu kwa wenye matatizo ya figo, na kadhalika. Ili uitumie ni lazima michango yako iwe imelipwa.

Hazina ya Dharura, Magonjwa Sugu na Mahututi. Hii huingia pale ambapo kiwango cha hazina ya pili kimemalizika na mgonjwa bado anahitaji matibabu, na pia katika dharura.

Michango iko hivi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Anayepata shilingi 30,000 hukatwa shilingi 825. Asiye na mshahara, kama muuza mahamri, mvuvi au fundi cherehani, hujibu maswali kuhusu hali ya nyumba yake, na mfumo hukadiria mchango wa nyumba nzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka, na hulipwa kwa mwaka mzima. Kwa wasioweza kutoa zote kwa mpigo, mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaomruhusu mtu kulipa kidogo kidogo.

Mchango mmoja unahudumia mchangiaji, mwenzi wake wa ndoa na watoto wanaomtegemea, mradi majina yao yameongezwa. Kuna wengi ambao wamejisajili wao peke yao wakasahau hatua hii. Mume amelipa mwaka mzima, mke akifika hospitali anaambiwa hayumo. Hakikisha leo.

JE, UNENE UMO KATIKA ORODHA YA SHA?

Hapa pana jambo la kulifahamu vizuri. Katika mafao ya SHA hakuna kifurushi chenye jina la unene, kama vile kilivyo cha uzazi, cha figo au cha saratani. Hilo halina maana kwamba mgonjwa hana haki. Maana yake ni kwamba matibabu yake hulipiwa kwa vipande, kila kipande kwa mlango wake:

• Kupimwa uzito, presha na sukari, ushauri wa chakula, na dawa za kawaida za presha na sukari zinazotolewa katika zahanati au kituo cha afya: mlango wa afya ya msingi.
• Kulazwa kwa sababu ya kisukari kilichopanda, moyo au kiharusi: mlango wa bima ya afya ya jamii. Kiwango kilichowekwa kwa siku ni shilingi 3,360 katika hospitali ya ngazi ya 4, shilingi 3,920 ngazi ya 5, na shilingi 4,480 ngazi ya 6.
• Upasuaji: mlango wa bima ya afya ya jamii, kwa idhini inayoombwa kabla ya upasuaji.
• Matatizo makubwa yaliyomaliza kiwango chako: mlango wa magonjwa sugu na mahututi.

Kwa sababu hiyo, kinachoandikwa kwenye faili yako kina uzito mkubwa. Faili inayosema tu "mgonjwa anataka kupungua" haina nguvu. Faili inayosema uzito, urefu, kipimo cha 43, presha ya miaka sita, sukari iliyopimwa mara tatu, magoti yasiyopanda ngazi na kukatikiwa na pumzi usingizini, hiyo inaeleza ugonjwa. Mwambie daktari kila kitu, usione haya, na uombe kiandikwe.

HATUA KWA HATUA, KUANZIA NYUMBANI

Hatua ya 1: Jisajili. Piga *147# kwenye simu yako, au tumia tovuti ya Afya Yangu, au nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na kitambulisho cha taifa. Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako pia anaweza kukusajili nyumbani. Ongeza mwenzi na watoto.

Hatua ya 2: Jibu maswali ya tathmini ya kipato na ulipe mchango. Usingoje kuugua. Mama wa Kibokoni akilipa leo, ana mwaka wa kufuatilia afya yake kwa utulivu.

Hatua ya 3: Anza zahanati au kituo cha afya, si hospitali kubwa. Huko hutozwi, na huko ndiko faili yako inapoanzia. Omba upimwe uzito, urefu, kiuno, presha na sukari. Andika matokeo na tarehe katika daftari lako mwenyewe.

Hatua ya 4: Rudi kwa tarehe ulizopangiwa. Miezi ya kufuatiliwa ndiyo ushahidi kwamba umejaribu njia za kawaida. Daktari bingwa na bima yoyote ile watauuliza ushahidi huo kabla ya kuzungumzia upasuaji.

Hatua ya 5: Omba barua ya rufaa pale inapohitajika. Kisiwani, rufaa za umma huelekea Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General, ambayo wengi wetu tunaiita Makadara. Beba barua, daftari, kitambulisho, na orodha ya dawa zote unazotumia, pamoja na za miti shamba.

Kwa mgonjwa asiyeweza kuteremka ngazi: mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako aje nyumbani. Wahudumu hawa hutembelea nyumba, hupima presha na sukari, na huandika rufaa ya kwenda kituoni. Familia ikijua mapema njia ya kumteremsha mgonjwa, ni nani wa kumshika na tuktuk itasimama wapi, haitahangaika usiku wa dharura. Na katika dharura ya kweli, Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema wazi kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mpeleke kwanza; habari za malipo zifuate baadaye.

UPASUAJI WA TUMBO

Kuna upasuaji wa aina mbili unaofanywa zaidi duniani. Katika wa kwanza, sehemu kubwa ya tumbo la chakula huondolewa na kubakishwa mfano wa mrija mwembamba. Katika wa pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo mdogo, ili chakula kipite njia ya mkato. Wote wawili hupunguza njaa na kubadilisha homoni, na kwa wagonjwa wengi kisukari hupungua sana.

Kwa miaka mingi kanuni iliyotumika ilikuwa ile ya mwaka 1991: kipimo cha 40 na zaidi, au 35 na zaidi kikiandamana na ugonjwa mwingine mkubwa. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilipendekeza kuanzia 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kufikiria walio na 30 hadi 34.9 wenye kisukari au ugonjwa kama huo. Huko Uingereza mfumo wa afya wa umma hugharamia upasuaji huu kwa wanaotimiza masharti ya kitabibu. Nchini Marekani bima ya serikali ya wazee imeulipia tangu mwaka 2006 kwa wenye kipimo cha 35 na zaidi na magonjwa yanayoandamana. Kwa hivyo mgonjwa anayeuliza habari za upasuaji haulizi urembo. Anauliza tiba inayojulikana.

Lakini upasuaji si mwisho wa safari. Mgonjwa atameza vitamini maisha yake yote, atakula kidogo kidogo, na atapimwa damu mara kwa mara. Mwanamke anashauriwa asubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya kushika mimba. Asiyekuwa tayari kwa ufuatiliaji huo asikimbilie kisu.

Kuhusu malipo, shika neno moja: usiingie chumba cha upasuaji kwa ahadi ya mdomo. Kabla ya tarehe kupangwa, iombe hospitali ikupe kwa maandishi mambo manne:

1. Jina kamili la upasuaji na sababu ya kitabibu.
2. Ombi la idhini lililopelekwa kwa SHA au kwa kampuni ya bima, na jibu lake.
3. Kiasi kitakacholipwa na bima, na kiasi kitakachobaki kwako, pamoja na daktari wa nusukaputi, vifaa na kitanda.
4. Nani atalipa likitokea tatizo baada ya upasuaji na ukalazimika kurudi.

Watu wameuza vyombo vya dhahabu na kuchangisha mtaa mzima kwa sababu swali la tatu halikuulizwa mapema. SHA hulipa hospitali moja kwa moja. Ukiwa tayari umelipa mfukoni, kurudishiwa pesa hiyo ni kazi ngumu.

DAWA ZA SINDANO ZA KUPUNGUZA UZITO

Wengi wamesikia habari za sindano za kundi la semaglutide. Zilianza kama dawa za kisukari, na sasa hutumiwa pia kwa unene chini ya uangalizi wa daktari. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene pamoja na maradhi ya moyo au figo. Ni dawa za muda mrefu. Ukiacha, uzito mara nyingi hurudi. Ndiyo maana mwenye kuzianza lazima ajue atazilipia vipi mwezi wa sita na mwezi wa kumi na mbili, si mwezi wa kwanza tu.

Tahadhari: Juni 2024 shirika hilo hilo lilitoa onyo la dunia nzima kuhusu semaglutide bandia. Usinunue sindano kwa mtu wa mtandaoni, saluni au dukani kusikojulikana. Nunua kwa cheti cha daktari, katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Chai za "kukata tumbo" na vidonge visivyo na jina vinaweza kuharibu ini na figo, na hakuna bima itakayokurudishia.

BIMA YA KAZINI NA BIMA YA BINAFSI

Wafanyakazi wa bandarini, benki, hoteli na makampuni ya uchukuzi wengi wana bima ya ziada juu ya SHA. Usiridhike na kadi. Omba kijitabu cha masharti, usome kurasa tatu.

Ukurasa wa visivyolipiwa. Matibabu ya kupunguza uzito mara nyingi huwekwa hapo, katika mstari mmoja na upasuaji wa urembo. Angalia maneno yenyewe. Kuna tofauti kati ya "kupunguza uzito" na "matibabu ya magonjwa yanayotokana na unene".

Ukurasa wa magonjwa uliyokuwa nayo. Baadhi ya bima hazilipi mara moja ugonjwa ambao mtu alikuja nao. Huweka muda wa kungoja. Useme ukweli unapojaza fomu. Ukificha presha yako, kampuni inaweza kukataa kulipa siku utakayoihitaji.

Ukurasa wa viwango. Kiwango cha kulazwa si kiwango cha kliniki. Dawa za kila mwezi hutoka kwenye kliniki, na hicho ndicho huisha kwanza.

Mwajiri anaweza kujadiliana na kampuni ya bima wakati wa kufanya upya mkataba. Wafanyakazi wakiomba kwa pamoja, kupitia chama au ofisi ya wafanyakazi, mstari wa visivyolipiwa unaweza kubadilika. Mmoja akiomba peke yake baada ya kuugua, amechelewa.

OMBI LIKIKATALIWA

Kukataliwa si mwisho wa safari. Kwanza, omba sababu kwa maandishi. Mara nyingine ni jambo dogo: jina halilingani na kitambulisho, mchango umekatika, au hospitali haikuambatisha vipimo. Pili, rudi kwa daktari aongeze maelezo ya kitabibu na ombi lipelekwe tena. Tatu, ikiwa ni SHA, peleka malalamiko katika ofisi yake ukiwa na nakala za kila kitu. Sheria imeweka pia baraza la kutatua mizozo. Ikiwa ni kampuni ya bima, lalamika kwa kampuni yenyewe kwanza, kisha kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Weka tarehe ya kila simu na jina la kila aliyekuhudumia.

Na ukitozwa pesa katika zahanati ya umma kwa huduma ya msingi, au ukitukanwa kwa sababu ya umbo lako, mwone msimamizi wa kituo na uripoti. Mgonjwa aliyechekwa kwenye mizani harudi tena, na ugonjwa wake hauendi popote.

NYUMBANI KWETU

Bima hailipii sahani. Hakuna anayekwambia uache pilau ya harusi. Lakini wali wa nazi mchana, mahamri asubuhi, viazi karai jioni na soda kila baada ya mlo, kila siku, ni mzigo. Chupa ya soda ya mililita 300 pekee ina takriban vijiko 8 vya chai vya sukari. Anza na moja: maji mahali pa soda. Kisha jaza nusu ya sahani kwa mboga, mchicha au mnavu. Robo kwa samaki, kuku au maharagwe. Robo kwa wali au sima. Samaki wa kuchoma anashinda wa kukaanga, na mbaazi ni chakula kizuri. Tui lake ndilo la kupunguza.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za kujishughulisha kwa wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Baada ya swala ya alfajiri, au jioni jua likipungua, tembea kutoka Fort Jesus hadi Mama Ngina na urudi. Akina mama wakitoka watatu au wanne pamoja, hakuna wa kuona haya. Mwenye magoti mabovu aanze na dakika kumi.

Wakati wa Ramadhani, mwenye kutumia dawa za sukari au presha amwone daktari kabla ya mwezi kuanza ili dawa zipangwe upya. Usizikatishe mwenyewe.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Sijalipa mchango. Je, naweza kupimwa? Ndiyo. Ukisajiliwa na SHA, huduma ya msingi katika zahanati na kituo cha afya haikutegemei ulipe.

Nina bima ya kazini. Lazima niwe na SHA? Ndiyo, ni lazima kisheria, na bima ya kazini huongezwa juu yake.

Mtoto wangu ni mnene. Nimpeleke? Mpeleke. Kwa watoto hutumika chati ya umri, si hesabu ya watu wazima. Usimnyime chakula wala usimpe dawa za watu wazima.

Mama wa Kibokoni afanye nini wiki hii? Apige *147# aone kama yumo, aongeze watoto wake, kisha aende kituo cha afya apimwe. Kazi ya asubuhi moja. Mahamri yatamngoja.

BEBA HIVI UNAPOKWENDA KITUONI

• Kitambulisho cha taifa, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto
• Simu uliyosajilia SHA
• Daftari la vipimo vya uzito, presha na sukari
• Dawa zote unazotumia, ndani ya pakiti zake
• Barua ya rufaa, ikiwa unayo
• Mtu wa nyumbani wa kusikiliza pamoja nawe

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Umesoma mpaka hapa; sasa mweleze jirani ambaye hatoki tena kwa sababu ya ngazi.